Kitambaa Kilichorudi Nyumbani

Baran alikuwa ametimiza miaka sita na bado hajatahiriwa. Ngariba alikuwepo, akizunguka na mkoba wake katika shule zote za Hasaka zilizojaa wakimbizi, na kisu chake kilisifika kwa wepesi. Kilichokosekana ni mapaja. Kwao mtoto wa kiume hukaa siku hiyo juu ya mapaja ya mwanamume asiye wa damu yake, na damu inapodondokea kitambaa kilichotandikwa pale, mwanamume yule huwa kirivu. Nyumba mbili zimekwisha kuchanjiana. Hazioani tena mpaka vitukuu, na siku moja ikikimbia, nyingine huifungulia mlango. Ni heshima kuombwa, na mtu mzima hakatai. Besna, mama yake, alikuwa ameomba watatu, na wote watatu walikataa.

Wa mwisho alikuwa fundi wa pampu za maji. Hata chai hakuimaliza.

"Mama Rezan," alisema akivaa viatu, "mimi sina ugomvi nawe. Lakini kitambaa chako kina tabia ya kurudi nyumbani."

Nyuma ya blanketi lililokuwa pazia, jirani yake Zelikha alikohoa kuficha kicheko. Maisha yake yote Besna hakuwahi kuingia darasani, na sasa kwa miaka miwili na nusu alikuwa akilala ndani ya darasa, chini ya ubao wenye maandishi asiyoweza kuyasoma, na kila neno lililosemwa lilisikika mpaka dirishani.

Besna alikuwa mtu wa Girezal, kijiji cha pamba na ngano karibu na mpaka. Alikuwa mwokaji. Tanuri lake la udongo lilikuwa uani, na wanawake wa mtaa mzima walileta unga wao pale kwa sababu alijua kuupiga mkate kwenye ukuta wa moto bila kuunguza nyusi. Mumewe, Hamdo, alikuwa mkulima wa kawaida mwenye mzaha mwingi. Mwaka watu wa bendera nyeusi walipokuja, Hamdo alipanda kilimani na wanaume thelathini kuwazuia. Walizuia siku tatu. Siku ya tatu Hamdo aliuawa, na siku ya nne alfajiri ndege za Wamarekani zikaja, wenye bendera wakarudi walikotoka.

Besna hakuwalaumu Wamarekani kwa kuchelewa siku moja. Wangapi waliahidi kuja, na hawakuja kabisa? Hawa walikuja.

Baada ya hapo wakawa wanapita na magari yao, wakiongozwa na kapteni mmoja mrefu aitwaye Haldeni. Mwanzoni wanakijiji walimtazama kama wanavyotazamwa wageni wote, kwa pembe ya jicho. Lakini alikuwa na mambo yake. Akisema atakuja Alhamisi, alikuja Alhamisi. Alibisha hodi kabla ya kupanda juu ya paa la mtu kutazama mpaka. Zelikha alipomzika binti yake aliyeuawa na bomu la ardhini, Haldeni alisimama makaburini kwa saa tatu nzima kwenye jua la mwezi wa saba, kofia mkononi, mpaka masikio yakawa mekundu kama pilipili na ngozi ikamtoka. Tangu siku hiyo wanawake walimwita Masikio, na aliyeitwa kwa jina la utani pale Girezal alikuwa ameshapewa mahali pa kukaa.

Rezan, mtoto wa kwanza wa Besna, alipofika umri wa kutahiriwa, hakukuwa na la kufikiri. Nyumba ya Hamdo na nyumba ya Abu Nayef zilikuwa zikipeana mapaja tangu enzi za mababu. Abu Nayef alikuwa Mwarabu wa kijiji cha Umm Shoka, nusu saa kwa miguu kuelekea kusini, mtu wa maneno machache mwenye trekta kuukuu. Hamdo mwenyewe alikuwa ametahiriwa juu ya mapaja ya baba yake Abu Nayef. Basi Besna akapinda kitambaa cheupe cha pamba, akampa shemeji yake akipeleke Umm Shoka. Kwao kitambaa ndicho mwaliko. Kikilala siku tatu bila kurudishwa, mtu amekubali.

Kililala siku mbili. Siku ya tatu Kapteni Haldeni alikuja kunywa chai, na mkalimani wake, kijana wa Amuda aitwaye Ferman, akamweleza habari ya sherehe inayokuja. Kapteni aliuliza maswali mengi. Mwisho akasema, kupitia Ferman, kwamba kwao hakuna jambo zuri namna hiyo, na kwamba mwanamume atakayepewa heshima ile ana bahati.

Besna aliinama juu ya birika. Aliwaza kuhusu kilima, siku ya tatu na siku ya nne.

"Abu Nayef ana trekta," alimwambia shemeji yake wageni walipoondoka. "Huyu ana ndege."

"Shemeji, kitambaa kimeshalala huko."

"Hakijatimiza siku tatu. Kakilete. Sema ulikipeleka wewe kwa kukosea, kwamba mimi sikuwa nimekutuma."

Shemeji yake alikwenda akiburuta miguu. Aliporudi alisimulia kwamba Abu Nayef alikikunja kitambaa mara nne kwa mikono yake mwenyewe, akakitoa bila kusema lolote. Mkewe, Wadha, ndiye aliyesindikiza mpaka lango.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama nilikosea njia au nilikosea nyumba."

Sherehe ilifana. Masikio alikaa juu ya godoro, magoti yake marefu yakiwa hayajui pa kwenda, na kisu kilipopita yeye ndiye aliyefumba macho, Rezan akiwa ameyatoa pima. Kijiji kizima kilicheka. Damu ilidondoka kitambaani kama ilivyotakiwa, na kitambaa akapewa yeye, kama desturi ilivyo. Naye alimletea mtoto suti ya rangi ya bluu yenye vifungo vinavyong'aa. Wanawake walipiga vigelegele. Kutoka Umm Shoka hakuja mtu.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Kando ya Girezal, upande wa mpakani, kulikuwa na handaki. Wanawake walikuwa wamelichimba kwa majembe yao kwa majira matatu ya joto, wakikosana na kutaniana. "Chimba, Besna," Zelikha alikuwa akisema, "shamba la mumeo hukulichimba hivi." Handaki lile lilikuwa refu kuliko barabara ya kijiji, na kila mwanamke alijua kipande chake.

Mwishoni mwa kiangazi Kapteni Haldeni alikuja akiwa amevaa uso wa kazi. Alisema jeshi la upande wa pili wa mpaka linalalamika kwamba mahandaki yanalitisha. Yakifukiwa, halitakuwa na sababu ya kuvuka. Wamarekani watapiga doria wenyewe mpakani, mchana kutwa.

Wanawake walikusanyika kwenye tanuri. Zelikha alikuwa wa kwanza kukataa.

"Nifukie handaki kwa ajili ya kumpendeza anayetaka kuniua? Mwambieni aje anifukie na mimi humo humo."

"Amesema watakuwepo," mmoja alisema.

"Amesema. Na akibadilisha?"

Hapo ndipo Besna alipofuta unga mikononi. Wengine walikuwa wakimsikiliza, kwa sababu ni mjane wa kilimani na kwa sababu mkate wao ulikuwa ndani ya tanuri lake.

"Mwanangu amemwagia damu mapajani mwake," alisema. "Mmeona wote. Mtu hamdanganyi kirivu wake. Mnamjua aliyewahi kufanya hivyo? Nitajieni mmoja."

Hawakuweza kumtaja. Tingatinga lilikuja, likafanya kazi siku nane, na koleo la kwanza la udongo alilitupa Besna mwenyewe.

Wiki tano baadaye, Jumatatu asubuhi, Zelikha alimwita barabarani. Magari ya Wamarekani yalikuwa yakipita kuelekea kusini, bendera zikipepea, yamefungwa mizigo juu. Doria haifungi mizigo. Besna alimvika Rezan suti ya bluu haraka haraka, mikono ikiwa imeshakuwa mifupi, akasimama naye ukingoni mwa barabara ili aonekane. La tatu lilikuwa gari la Masikio. Alikaa mbele. Liliwapita karibu kiasi kwamba vumbi lake liliingia kinywani mwa mtoto. Kapteni alikuwa akitazama magoti yake.

"Mama, hajaniona?" Rezan aliuliza.

"Labda amesinzia," Besna alisema.

Siku mbili baadaye, alasiri, makombora yalianza. Watu walikimbilia kwenye handaki kwa mazoea, wakasimama juu ya udongo laini. Wanne waliuawa pale pale, na shemeji yake Besna alikuwa mmoja wao.

Waliobaki walitoka kwa miguu, Besna akiwa na Baran mgongoni na Rezan mkononi. Kwenye njia panda ya Umm Shoka palikuwa na trekta kuukuu lenye tela, na Abu Nayef alikuwa akipakia watu. Alipakia wazee, akapakia wagonjwa. Alipomfikia Besna alisimama kidogo.

"Kirivu wako yuko wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa sauti kubwa.

Besna alimpandisha Baran vizuri mgongoni.

"Panda," Abu Nayef alisema, akamchukua Baran na kumweka juu ya magunia.

Aliwafikisha Hasaka, akageuza trekta kwenda kuchukua wengine. Kijiji chake kilibaki upande huu wa mstari mpya wa vita, cha Besna upande ule. Mwaka uliofuata Besna alimwona sokoni akadhani mambo yamekwisha, akataja kwa mbali habari ya Baran. Abu Nayef alikuwa akichagua vitunguu, na aliendelea kuchagua.

"Kuokota watu njiani ni jambo moja, Mama Rezan. Mapaja yangu ni jambo jingine."

Besna akabaki na hilo. Darasani wanawake wa Girezal walimsalimia, hawakuwa watu wabaya, lakini Zelikha alikuwa na maneno yake ya kila siku. "Kirivu wako anakuja lini, tumtandikie?" Au mvua ikivuja dirishani: "Besna, mwambie Masikio alete ndege moja ituzibie." Na watoto humaliza maneno ya wakubwa. Baran alirudi kutoka uani siku moja akilia kwamba wenzake wanamwita msichana.

Siku chache baada ya fundi wa pampu kukataa, wakati wanawake wakianika nguo uani, magari mawili ya Wamarekani yalisimama kwenye lango la shule. Walikuwa wamerudi zamani, wakilinda visima vya mafuta na magereza, lakini shuleni hawakuwa wamefika. Ferman alishuka kwanza, amenenepa. Nyuma yake akashuka Haldeni. Cheo chake kilikuwa kimepanda na nywele zimepungua, hivyo masikio yalionekana makubwa zaidi.

Zelikha alishusha beseni. "Haya. Mgeni wako huyo. Nimtandikie au umejiandaa?"

Besna alimkaribisha kwa sababu hakuna anayemfukuza kirivu mlangoni. Haldeni alivua viatu bila kuambiwa, akakaa chini ya ubao. Alikuwa amemletea Rezan mpira, na Rezan, aliyekuwa na miaka kumi sasa, aliupokea kwa adabu, akauweka chini, akatoka nje bila kuucheza.

Ferman alianza kutafsiri, bado akimwita kwa cheo cha zamani. Kapteni anasema ana huzuni. Kapteni anasema aliambiwa asubuhi ile ile, kwamba amri ilitoka mbali sana, kwa watu wasioijua Girezal hata kwa jina.

"Muulize kama aliniona barabarani."

Haldeni alisikiliza, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema alikuona," Ferman alisema. "Wewe na mtoto na suti. Anasema alitazama magoti yake."

"Hilo nililiona. Endelea."

Wanahitaji watu, Ferman aliendelea. Vijana wa kusimama nao kulinda mstari mpya. Akina mama wa shule hii hawawatoi watoto wao, na kila wanapoulizwa wanasema kamuulizeni Besna. Kapteni anaomba aseme nao. Na jambo la pili. Ferman alijikuna shingo. Kapteni amesikia kwamba Baran hana kirivu. Angeona fahari kukaa tena.

Haldeni alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Alitoa kitambaa, kimekunjwa vizuri, lile doa limekuwa la kahawia. Alikiweka juu ya mkeka kati yao, kama mtu anayerudisha chungu cha jirani.

Nyuma ya blanketi hata Zelikha hakukohoa.

Besna alikitazama. Ingekuwa rahisi. Kesho ngariba angekuja, na uani Baran asingeitwa tena msichana. Mwenye ndege angekaa tena juu ya godoro, na watu wangesahau, maana watu huchoka hata kusengenya.

"Muulize hivi," alisema. "Akiagizwa kesho aondoke, ataondoka?"

Ferman hakutaka kutafsiri. "Mama Besna, yeye ni askari."

"Najua ni askari. Muulize."

Haldeni alisikiliza. Alimtazama Besna usoni, si magotini.

"Anasema ataondoka."

"Basi leo amesema kweli," Besna alisema. "Siku ile ya handaki hukusema, Kapteni. Ulisema mtakuwepo. Ungesema 'tutakuwepo mpaka tutakapoagizwa', tungechukua akili zetu na majembe yetu, na shemeji yangu angekuwa hai." Alikisukuma kitambaa kurudi kwake. "Hiki ni chako. Wewe ni kirivu wa Rezan mpaka ufe, mimi sikuondoi. Ukija na njaa, utakula hapa. Lakini uliyekaa juu ya godoro ni wewe, na mimi mjinga nilidhani imekaa nchi nzima. Nchi yako haina mapaja. Kwa Baran hukai."

Aliinuka, akavuta blanketi. Wanawake saba walikuwa wamebanana nyuma yake, hata hawakujidai kufanya kazi.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia. "Wanataka vijana wenu. Wakiagizwa wataondoka, amekiri. Mnaotaka kuwatoa watoeni mkijua hivyo. Mimi neno langu nililifukia Girezal, sina jingine la kuwakopesha."

Haldeni alivaa viatu polepole. Mlangoni alisema jambo, na Ferman hakulitafsiri, na Besna hakuuliza.

Usiku ule alilala vizuri, lakini asubuhi alijikuta amekaa akiwa na sindano mkononi. Kuna jambo lililokuwa limemkwama. Masikio alipewa amri. Angalau alikuwa na hiyo ya kuitaja. Yeye, kile kitambaa cha Umm Shoka, nani alimwamuru kukidai? Alipinda kitambaa kipya pande zote nne, akamwosha Baran uso, akapanda gari la abiria linalokwenda kaskazini.

Chumba cha wageni cha Abu Nayef kilikuwa na wanaume watano, wakijadili bei ya mbolea. Wadha alileta chai. Alipomwona Besna mkono wake ulisita, kisha akammiminia kama wengine. Mwanamke haingii hivi hivi na kusema mbele ya wanaume, lakini Besna hakutaka kusema faraghani.

"Abu Nayef, nimekuja na neno, na nataka hawa wasikie."

"Sema, Mama Rezan."

"Mwaka ule kitambaa kilipokuja kwako, shemeji yangu hakukosea. Nilimtuma mimi. Na kukiomba kirudi nilimtuma mimi. Nilisema wewe una trekta na yule ana ndege. Kisha nikamtwika marehemu uongo wangu, na amekufa nao."

Mmoja wa wanaume alitia sukari kwenye chai iliyokwisha kutiwa sukari. Abu Nayef alizungusha tasbihi yake mara mbili.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile nilijua. Hamdo angekuwa hai angeniambia usoni, 'Abu Nayef, nimepata mkubwa kuliko wewe', na mimi ningekasirika wiki moja tukacheka. Kitambaa si kitu, dada yangu. Uliniona mtu wa kudanganywa."

"Ndiyo. Nilikuona hivyo."

"Na leo unanionaje?"

"Leo naona njia panda, na magunia, na wewe ukimpandisha huyu." Alimgusa Baran kichwani. Akakitoa kitambaa, akakiweka sakafuni mbali kidogo na miguu ya mzee. "Sikuombi unijibu. Siku tatu zinajulikana."

"Zinajulikana," Abu Nayef alisema, na akarudi kwenye mbolea.

Siku ya kwanza Besna aliosha kila kilichooshwa jana. Siku ya pili aliokea shule nzima mkate kwenye bati, na Zelikha akaula bila kutoa neno, jambo ambalo lilimtia hofu zaidi. Siku ya tatu alikaa langoni tangu asubuhi, akitazama kila mtu aliyebeba kitu cheupe. Mchana alipita mtu na kuku mweupe, moyo ukamruka. Jua lilizama bila mtu kutoka Umm Shoka.

Siku ya nne, kabla chai haijachemka, trekta lilinguruma barabarani. Besna alisimama. Hata baada ya siku tatu mtu aliyeumizwa anaweza kukirudisha, akaona ni halali yake. Wadha alishuka peke yake, akishikilia mkoba kifuani. Nayef, mwanawe, alibaki kwenye usukani akitazama mbele.

Wadha aliingia darasani, akasalimia, akatazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

Besna alimwita Baran. Wadha alifungua mkoba, na kilichotoka humo kilikuwa uzi wa kupimia. Alimgeuza mtoto, akampima mabega, akafunga fundo. Akampima mkono, akafunga fundo la pili. Kirivu ndiye anayemvika mtoto, na suti haishonwi kwa kukisia.

"Mkubwa kuliko nilivyodhani," Wadha alisema. "Nitamwachia fundi nafasi ya kuongeza."

"Mzee amesema nini?" Besna aliuliza.

"Mzee amesema atakaa." Wadha alimpima mtoto kiuno, akafunga fundo la tatu. "Lakini kuongea na wewe bado. Amesema nikuambie na hilo, usije ukashangaa."

"Asiongee," Besna alisema. "Akae tu."

Nyuma ya blanketi Zelikha alikohoa, kisha akauliza kwa sauti kama huyo mgeni anakunywa chai yake na sukari au bila.